Mwekezaji Asigeuzwe Kuwa Ofisi

Mwezi Agosti 2017 wanachama wa Klabu ya Simba walikubali kuibadili katiba yao ili klabu hiyo, iliyoasisiwa mwaka 1936, iingie katika mfumo wa hisa. Mwezi Desemba mwaka huo huo mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangazwa kuwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Utaratibu uliowekwa na Serikali ulikuwa wazi: mwekezaji asivuke asilimia 49 ya hisa, na asilimia 51 zibaki kuwa mali ya wanachama. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao walipitisha mabadiliko ya katiba ya kuelekea njia hiyo hiyo.

Tangu wakati huo mjadala mwingi, vijiweni na magazetini, umekuwa juu ya fedha: zimewekwa au hazijawekwa, zinatosha au hazitoshi. Swali lililo zito zaidi limeulizwa kwa nadra. Mwekezaji akishaingia, ofisi ya klabu inapangwaje? Nani anaamua, nani anatekeleza, na nani anakagua?

Hapana shaka kwamba hali ya zamani haikuwa ya kutamaniwa. Kwa miongo mingi klabu kubwa za Dar es Salaam ziliendeshwa na kamati za watu waliojitolea, mchana wakiwa makazini na jioni klabuni. Usajili ulifanywa kwa fedha za wafadhili, mikataba ikawekwa katika mikoba ya watu binafsi, na kila uongozi ulipoondoka uliondoka na kumbukumbu zake. Migogoro haikukoma. Mwaka 1976 mgogoro wa Yanga ulizaa klabu nyingine kabisa, Pan African. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella ya Abidjan hapa hapa Dar es Salaam. Fainali nyingine ya Afrika Simba ilikuja kuicheza mwaka 2025, katika Kombe la Shirikisho, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Miaka 32 ilipita katikati. Wafadhili walikuwapo katika miaka hiyo, na wachezaji hodari walikuwapo. Kilichokosekana ni ofisi ya kuyahifadhi mafanikio ya mwaka mmoja yawe msingi wa mwaka unaofuata.

Ni haki pia kukiri kwamba uwekezaji umeleta matunda. Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, na ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika katika misimu ya 2018/19 na 2020/21. Mshahara ulioanza kulipwa kwa wakati, safari zilizopangwa mapema na kambi zenye vifaa vilionekana uwanjani. Anayesema fedha hazikusaidia kitu hasemi kweli.

Lakini fedha hizo hizo hazikuipa ofisi utulivu. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2024 kiti cha mtendaji mkuu wa Simba kilikaliwa na watu wasiopungua wanne: Senzo Mazingiza, Barbara Gonzalez, Imani Kajula na Francois Regis. Mazingiza alijiuzulu Agosti 2020 na kuhamia Yanga. Makocha nao wamepita kama abiria katika stesheni. Sven Vandenbroeck aliondoka Januari 2021, mara tu baada ya kuivusha timu hadi hatua ya makundi ya Afrika. Didier Gomes aliondoka Oktoba mwaka huo, baada ya timu kutolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana. Roberto Oliveira aliondoka Novemba 2023, siku chache baada ya kipigo cha mabao 5 kwa 1 kutoka kwa Yanga. Katika kipindi hicho ubingwa ulihamia Jangwani, na Yanga wakautwaa mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2021/22.

Haifai kumlaumu mtu mmoja kwa mambo hayo. Kila mmoja wa waliotajwa aliifanya kazi yake kwa kadiri ya uwezo wake. Hata hivyo, mfululizo wa kuingia na kutoka namna hiyo ni dalili ya mipaka ya madaraka isiyoeleweka. Katika klabu ya namna hii yupo mwekezaji, ipo bodi, yupo mwenyekiti aliyechaguliwa na wanachama, yupo mtendaji mkuu, na lipo benchi la ufundi. Kila mmoja anaweza kujiona ndiye mwenye neno la mwisho. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo kinachokwenda mrama hakiokolewi kwa kuongezewa shehena.

Watumishi wa Serikali na walimu wanalifahamu jambo hili kuliko watu wengi. Mwenyekiti wa bodi ya shule, hata akiwa ndiye aliyetoa mabati ya darasa, haingii darasani kufundisha hesabu, wala hamwamuru mwalimu mkuu nani afaulu. Kazi yake ni kusimamia sera, kupitisha bajeti na kudai taarifa. Siku anaposhika chaki, shule imekwisha kuharibika, kwa sababu mwalimu mkuu hawezi tena kuulizwa juu ya matokeo ambayo si yake.

Klabu nayo ihukumiwe kwa kipimo hicho. Bodi ndiyo iweke sera, ipitishe bajeti na kumwajiri mtendaji mkuu kwa mkataba wenye malengo yanayoandikwa na kupimwa. Mtendaji mkuu ndiye aendeshe kazi za kila siku, na asipokewe amri kutoka milango mitano. Idara ya ufundi ndiyo iamue timu inahitaji wachezaji wa aina gani kwa miaka mitatu ijayo, ili kocha anapoondoka kikosi kisilazimike kuvunjwa na kusukwa upya. Kiongozi anayemsajili mchezaji kwa sababu amempenda, au kwa sababu watani wanamtaka, anaitia klabu hasara hata kama fedha ni zake.

Upo pia wajibu wa mhasibu na mwanasheria, ambao mashangilio ya uwanjani huwasahaulisha watu. Klabu kadhaa za Tanzania zimewahi kuzuiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni ya makocha na wachezaji waliovunjiwa mikataba. Deni la aina hiyo huanza na faili lisilotunzwa na barua isiyojibiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo wanaosema kwamba anayelipa ndiye achague. Hoja hiyo ina mvuto, lakini inasahau asilimia 51. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 1998 klabu zimeruhusiwa kuunda kampuni kwa sharti kwamba chama cha wanachama kibaki na zaidi ya nusu ya kura. Sharti hilo limezisaidia klabu nyingi kubaki mikononi mwa wananchi. Lakini hata huko imeonekana, katika klabu ya RB Leipzig, kwamba sharti linaweza kutimizwa kwa maandishi huku wanachama wenye kura wakiwa wachache mno. Wingi wa hisa bila daftari la wanachama, bila mkutano mkuu wa kila mwaka na bila hesabu zilizokaguliwa ni wingi wa karatasi tu.

Wapo kwa upande mwingine wanaotaka kurudi katika siku za kamati na wafadhili, kana kwamba umaskini wa klabu ndio uhuru wake. Hao nao wanakosea. Klabu isiyoweza kulipa mishahara haiwezi kusema ni ya wanachama. Ni ya yeyote atakayejitokeza na fedha wiki ya usajili.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea uongozi wa kibwana katika mashirika ya umma. Onyo lile linagusa pia kila chombo ambacho watu wengi wamekiweka mikononi mwa wachache, na klabu ya mpira yenye mamilioni ya wapenzi ni chombo cha namna hiyo. Heshima kwa mwekezaji ni jambo jema, kwa kuwa amehatarisha mali yake. Njia bora ya kumheshimu ni kumpa ofisi imara inayoweza kumwambia hapana, na inayoweza kumwonyesha kila shilingi ilivyotumika. Mwekezaji anayezungukwa na watu wa kuitikia tu hujikuta ndiye bodi, ndiye mtendaji na ndiye kocha. Na siku akichoka, klabu yote huchoka naye.

Wajibu basi ni wa wanachama wenyewe. Katika matawi ya klabu hizi wamo walimu, makarani, wahasibu na mahakimu, watu wanaojua kusoma taarifa ya ukaguzi na kutofautisha sera na utekelezaji. Waende katika mkutano mkuu wakadai karatasi tatu kabla ya kuuliza nani atasajiliwa: muundo wa madaraka, hesabu zilizokaguliwa, na daftari la wanachama hai. Uongozi utakaozitoa bila kusita utastahili kuungwa mkono hata katika msimu wa kukosa kombe. Uongozi utakaozificha usisamehewe hata katika msimu wa ubingwa.