Pikipiki Iliyolala Miaka: Lipia Karatasi Kabla ya Chuma

Ukizunguka mtaani au kijijini hukosi kuiona. Iko nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia, tairi zimekaa chini, na kuku wanataga kando yake. Mwenyewe anasema ilikuwa ikitembea vizuri mpaka ile siku ilikataa kuwaka. Akaiegesha, mwaka ukapita, ukafuata mwingine. Sasa anatafuta karo, na wewe unatafuta pikipiki ya kwenda shambani au ya kuanzia kazi ya boda. Bei anayotaja ni ndogo, hadi mkono unaenda wenyewe kwenye simu.

Pikipiki hizi ni nyingi kwa sababu inayoeleweka. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka wa 2008, zimeingia nchini kwa wingi, na kila kinachotembea kwa wingi huzeeka kwa wingi. Nyingi kati ya zile zilizolala zinaweza kufufuliwa. Injini zake ni rahisi, spea zipo hadi kwenye vituo vidogo vya biashara, na mafundi wanaozijua hawakosekani.

Kwa hivyo hatusemi usinunue. Tunasema hivi: pikipiki iliyolala ni biashara nzuri kwa mtu anayelipia karatasi kwanza, na ni hasara kwa anayelipia chuma kwanza. Pesa nyingi hazipotelei kwenye injini. Hupotea kabla fundi hajafungua hata nati moja.

Uliza ililala kwa nini

Wanunuzi wengi huuliza, "Imeharibika nini?" Hilo ni swali la fundi. Swali la mwenye pesa ni, "Ililala kwa nini?" Majibu yake ni manne, na kila moja lina gharama yake.

La kwanza, iliharibika na mwenyewe akakosa pesa ya kuitengeneza. Hii ndiyo unayoitaka.

La pili, ina deni. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la aliyekopesha huwa kwenye logibuku mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Mwenyewe akishindwa kulipa, wakati mwingine huificha nyuma ya nyumba. Ukiinunua, deni haliondoki na gunia. Mkopeshaji anaweza kuijia ikiwa mikononi mwako, imeshawekwa tairi mpya kwa pesa yako.

La tatu, mwenyewe alifariki. Hapa watu wema huumizana bila kukusudia. Mjane au kijana wa marehemu anauza kwa nia safi kabisa, lakini sheria ya urithi, Sura ya 160, hairuhusu mtu kuuza mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama. Barua ya chifu ni hatua ya kuanzia, si ruhusa ya kuuza. Ukinunua hivyo, hutaweza kubadilisha umiliki, na siku ndugu mwingine akijitokeza, wewe na yule mama mtakuwa mnajibu maswali pamoja. Msaidie afuate njia ya mahakama kwanza, hata kama itabidi ungoje. Mkishindwa kungoja, tafuta nyingine.

La nne, iliibwa. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni za Adhabu, na bei ya chini kupita kiasi ni moja ya mambo utakayoulizwa ueleze.

Muuzaji anaweza kukupa jibu lolote kati ya haya manne. Kumbukumbu za NTSA zitakupa lile la kweli, au angalau zitakuonyesha pale hadithi isipolingana. Ombi hufanywa kupitia eCitizen kwa nambari ya usajili, ada yake haifiki shilingi elfu moja, na malipo huenda kwa nambari ya serikali, 222222. Mtu akikuambia yeye ana njia ya mkato, umtumie yeye binafsi "akuangalizie", usitume. Ukishapata kumbukumbu, nenda na tochi. Soma nambari ya chesi karibu na shingo ya usukani, soma na ya injini, ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Nambari iliyokwaruzwa au kugongwa upya ikufanye uondoke, hata kama umeshapenda pikipiki.

"Tuma kakitu nikushikilie"

Hii ndiyo sentensi tunayoiogopa kuliko zote. Pikipiki umeiona kwa picha, muuzaji yuko kaunti nyingine, na anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho asubuhi. "Boss, tuma hata elfu tano tu nikushikilie." Kitu kilicholala miaka mitatu bila mnunuzi hakiwezi ghafla kuwa na foleni usiku wa leo. Haraka hiyo ni ya muuzaji, usiichukue iwe yako.

Tunapendekeza mpangilio huu, na tunaomba uufuate hata kama muuzaji ni jirani:

Usitume chochote kabla ya kuiona pikipiki kwa macho na kupata kumbukumbu zake. Mkikubaliana, andikeni makubaliano yenye majina kamili, nambari za vitambulisho, nambari ya chesi na injini, bei, na tarehe. Lipa sehemu ya kwanza kwa nambari ya simu ya mtu yule yule aliye kwenye kumbukumbu. Jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN lilingane na la kwenye karatasi. Akisema, "Tuma kwa shemeji, laini yangu ina shida," ngoja laini ipone. Andika nambari ya muamala kwenye makubaliano. Sehemu kubwa iliyobaki ilipwe pale muuzaji anapoanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen nawe ukaona ombi kwenye akaunti yako, mkiwa mmekaa pamoja.

Usiseme logibuku mtashughulikia baadaye. Sheria ya Trafiki hairuhusu chombo kiendelee kutumika zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mikono bila mmiliki mpya kusajiliwa. Na muuzaji aliyeshapokea pesa yote hana haraka tena ya kushika simu yako.

Muuzaji naye ajilinde. Ujumbe unaosema umepokea pesa unaweza kughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kukabidhi ufunguo.

Kuna watakaosema tunavutia ngozi kwetu: kampuni ya malipo ya simu lazima iwaambie watu walipe kwa simu. Ni hoja ya haki, kwa hivyo tuseme wazi kile ambacho huduma yetu haiwezi. Ujumbe wa muamala unathibitisha kwamba pesa imetoka kwako ikafika kwa fulani. Hauthibitishi kwamba pikipiki ni ya huyo fulani. Ukilipa mwizi kwa simu, umepata risiti nzuri ya kumlipa mwizi. Ndiyo maana tunaweka karatasi mbele ya malipo, yawe ya simu au ya noti mkononi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya simu ni ukurasa mmoja tu wa hilo daftari.

Bei uliyoambiwa ni nusu ya bei

Sasa karatasi ni safi. Swali linalofuata ni pesa ya kufufua, na hapa tuna kanuni moja: ukiwa na elfu 60, usinunue pikipiki iliyolala ya elfu 55. Tafuta ya elfu 30, na ile 30 nyingine uiweke kando, kwenye akaunti tofauti kama unaweza, ili isiguswe.

Tunasema hivyo kwa sababu chombo kilicholala hakiharibiki mahali pamoja. Petroli ikikaa miezi mingi huchacha na kuacha utando unaoziba vitundu vidogo vya kabureta. Tangi lisilojaa hushika kutu kwa ndani. Betri hufa. Mpira wa tairi hupasuka hata bila kutembea. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2016, na tairi ya namna hiyo haifai kubeba abiria hata kama meno yake ni mapya. Panya nao hupenda nyaya. Fundi akikuambia, "Hii ni kabureta tu," mshukuru, halafu ongeza tairi, tyubu, cheni, breki, betri, plagi na oili kwenye hesabu yako.

Kuna jambo moja la kupima kabla hata ya kupatana bei. Toa plagi, mimina oili kidogo sana kwenye silinda, iache ikae, kisha kanyaga kiki polepole. Ikizunguka, kuna matumaini. Ikiwa imekwama kabisa, hiyo ni injini ya kufunguliwa, na bei ishuke sana au uachane nayo. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshakujibu.

Siku ya kuiwasha, usiwe na pupa. Mwaga petroli yote ya zamani, mbali na jiko na mbali na watoto. Safisha tangi na kabureta, badilisha oili, weka plagi mpya, ndipo ujaribu. Tengeneza breki kabla ya kuhangaikia injini. Pikipiki isiyowaka haijawahi kumgonga mtu. Ile inayowaka bila breki ndiyo ya kuogopwa.

Malipo ya fundi nayo yana mpangilio. Spea lipia mwenyewe dukani ili uwe na risiti, na umwombe fundi akurudishie zile za zamani alizotoa. Kazi ilipwe kwa sehemu: kiasi mwanzoni, kilichobaki ikishawaka, ikasimama kwa breki na kutembea mbele yako. Fundi mzuri hachukizwi na hili, kwa sababu linamlinda naye dhidi ya mteja anayepotea kazi ikiisha.

Usikope kufufua

Hapa baadhi yenu hamtatupenda. Tunaona ni kosa kuchukua mkopo wa simu ili kununua au kufufua pikipiki iliyolala. Mikopo mingi ya namna hiyo hudaiwa ndani ya mwezi mmoja. Pikipiki inaweza kukaa kwa fundi mwezi huo mzima ikingoja spea moja. Utaanza kulipa kabla haijakuletea hata shilingi mia, na wengi hufika mahali pa kuiuza ikiwa nusu imefunguliwa, kwa bei ya vyuma vikuukuu. Ndivyo pikipiki moja hulala mara mbili, na ya pili inalala na akiba ya mtu mwingine.

Kama pesa haijatosha, weka kidogo kidogo mpaka itoshe. Ile pikipiki imengoja miaka, inaweza kungoja miezi mitatu. Ikinunuliwa na mwingine kabla yako, ziko nyingi.

Na ikishawaka, kabla ya kubeba mtu, lipia bima. Sheria inaitaka angalau ile inayomlinda mtu wa tatu, na kama ni ya boda, iwe bima ya kubeba abiria, si ya matumizi binafsi. Weka pesa yake kwenye ile nusu uliyotenga, isije ikawa ndiyo inakosekana.

Tunajua ushauri huu ni mrefu kwa kitu kinachoonekana rahisi. Lakini kwa familia nyingi, elfu 30 hiyo ni karo ya muhula, au ni ng'ombe aliyeuzwa. Pesa iliyochukua mwaka kuwekwa isitoke kwa dakika moja. Kabla hujaweka PIN, jiulize mambo matatu: Nimeona kumbukumbu? Jina hili kwenye simu ni la mwenye pikipiki? Nina nusu nyingine ya kuifufua? Moja likikosa jibu, rudisha simu mfukoni.