Chupa ya chai inayorudi imejaa

Mama mmoja wa mtaa wa Kapsoya, hapa Eldoret, ameniandikia barua iliyoninyima usingizi. Mumewe ni karani katika kampuni moja ya kuuza mbolea na mbegu mjini. Miaka miwili iliyopita alipata ajali katika barabara kuu ya kwenda Nakuru, akakatwa mguu mmoja juu ya goti, na wa pili ukabaki bila nguvu. Sasa anatumia kiti cha magurudumu.

Waajiri wake hawakumfuta. Walimngoja hadi akapona, wakamrudishia meza yake na mshahara wake. Watu wakawasifu, na mimi nawasifu pia, kwa kuwa nawajua wengine waliopelekewa barua ya kuachishwa kazi wakiwa bado wodini.

Tatizo ni kwamba meza hiyo iko ghorofa ya pili, na jengo ni la zamani, halina lifti. Kila asubuhi wapakiaji wawili humbeba mgongoni kwa zamu, na jioni humteremsha vivyo hivyo. Choo kiko mwisho wa ukumbi, na mlango wake ni mwembamba kuliko kile kiti.

"Kila siku namtilia chai kwenye chupa," anaandika mama huyu, "na kila jioni inarudi imejaa. Nilidhani amechoshwa na chai yangu." Ukweli aliujua hospitalini, mumewe alipougua njia ya mkojo na daktari akamwuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Bwana akainama. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi arudi nyumbani usiku, alikuwa hagusi hata tone, asije akahitaji kubebwa mbele ya wasichana wa ofisini kupelekwa msalani.

Sasa mama anauliza: "Nimwambie baba watoto aache kazi, au niende mwenyewe kumwona meneja? Amenikataza. Anasema kazi yenyewe ameachiwa kwa huruma, na mwenye kuhurumiwa halalamiki."

Dada yangu, neno hilo huruma ndilo linalommaliza mumeo kuliko ile ajali. Mtu anayepiga hesabu za kampuni na zikalingana mwisho wa mwezi hajahurumiwa. Anafanya kazi, analipwa. Zamani magazeti yetu, na mimi nikiwamo, yaliwaita watu kama yeye "wasiojiweza". Nikikumbuka naona haya. Huyu anajiweza, kisichojiweza ni ngazi.

Wala asidhani anaomba fadhila. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufika mahali pote kwa kadiri inayowezekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi aliyerekebisha jengo lake kwa ajili ya wafanyakazi wa namna hii aombe kuondoa nusu ya gharama hiyo katika mapato yanayotozwa kodi. Ni waajiri wangapi waliojua? Mwaka 2025 ikaja sheria mpya, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Nahofia kampuni nyingi zitahesabu vichwa, zikajaza fomu, kisha wale watu wakae juu ghorofani bila kunywa maji.

Mahakama nazo zimeanza kusikia. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamuru kampuni kubwa ya simu imlipe fidia kijana mmoja asiyeona, kwa sababu alipoitwa kwenye mahojiano ya kazi hakuwekewa kompyuta yenye programu ya kumsomea maandishi. Lakini simshauri mumeo aanzie mahakamani. Mtu aliyengojwa na waajiri wake hadi akapona ana mahali pa kuanzia palipo karibu zaidi.

Aanze na meneja, yeye mwenyewe. Wewe usiende kwa mlango wa nyuma. Ukienda, utakuwa umembeba mgongoni kama wale wapakiaji. Asiseme tu kwamba anapata taabu, maana neno hilo meneja hulijibu kwa "pole" na mambo yakaishia hapo. Apeleke maombi yanayoweza kutimizwa: meza ishushwe chini karibu na stoo, ambako hata hivyo ndiko risiti zinakotoka, mlango wa choo cha chini upanuliwe na chuma cha kushikilia kitiwe ukutani, mlangoni pa jengo pawekwe mteremko wa saruji. Fundi mmoja na mifuko michache ya saruji, wiki haiishi. Kama bado hajajiandikisha kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ajiandikishe. Mwenye kadi hiyo anaweza kuomba cheti cha kusamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi. Kwa nyumba yenye karo za kulipa, hilo si dogo.

Nanyi mnaofanya kazi naye, msidhani mambo haya ni ya meneja peke yake. Nasema hivi kwa kuwa nimekosa. Miaka mingi iliyopita, katika ofisi moja niliyofanya kazi, tulikuwa na mpiga chapa asiyesikia. Tulimpenda, tulimletea mandazi. Lakini kwenye mikutano tulizungumza saa mbili nzima, kisha mmoja wetu akamwandikia kwenye kikaratasi, "Hakuna jipya." Siku moja jipya lilikuwamo: idara yake ilikuwa inafungwa. Alilijua kwa barua, wiki mbili baada yetu sote. Hakuniandikia neno, alinitazama tu, na macho yale ninayaona hadi leo.

Kwa hiyo mwulizeni. Wako wanaopenda kusukumwa kwenye kiti na wako wasiopenda kiti chao kiguswe bila ruhusa. Huwezi kujua kwa kukisia.

Nilikuwa nimekwisha kuandika haya mama huyu aliponipigia simu. Mumewe amezungumza na meneja. Jibu ni kwamba ataangalia baada ya kufunga hesabu za mwezi, na nimemwambia aiandike tarehe hiyo kwenye kalenda. Hata hivyo, muuza duka wa chini, ambaye choo chake kina mlango mpana, amempa ufunguo wa akiba, na bwana sasa huteremshwa saa sita kula chakula cha mchana huko chini na wenzake. Ijumaa chupa ilirudi nusu.