Nyanya Mbele ya Majaji

Mwezi wa Mei mwaka 1893, majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Marekani, watu waliozoea mashauri mazito ya mali na uhai, walilazimika kukata shauri kama nyanya, ambayo Unguja huitwa tungule, ni tunda au ni mboga. Sababu yake ilikuwa ushuru, kwani sheria ya forodha ya mwaka 1883 iliwatoza waingizao mboga asilimia 10 na kuyasamehe matunda. Na John Nix, tajiri wa New York aliyekuwa akileta nyanya kutoka visiwa vya Karibi, alimdai mkuu wa forodha, Edward Hedden, arudishiwe fedha zake, akihoji kuwa kitu kibebacho mbegu ndani yake ni tunda.

Basi katika mahakama ya chini, shauri liliposikilizwa kwanza, mawakili wakafungua kamusi. Wa tajiri akasoma maana ya tunda, ya mboga na ya nyanya. Wa serikali akamjibu kwa bilingani, tango, pilipili na boga, ambavyo kwa hoja ileile vyote vingekuwa matunda. Naye wa kwanza akarejea na viazi, karoti na kabichi. Shauri lilipofika mahakama ya juu kabisa, Jaji Horace Gray aliandika kuwa kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, walakini kwa kauli ya wauzao na walao ni mboga, maana huandaliwa pamoja na nyama au samaki, wala si mwisho wa chakula kama matunda. Na kwamba kamusi si ushahidi, bali ni msaada wa kumbukumbu na fahamu za mahakama. Nix akashindwa.

Hukumu hiyo naiafiki. Siku hizi kwetu hapazuki ubishi wa neno ila hutokea mtu akafunua *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ili kumnyamazisha mwenziwe, kana kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoitoa mwaka 1981, ilikaa kitako ikabuni maana, ilhali aghalabu ilizichuma vinywani mwa watu na vitabuni. Sikatai usanifishaji, katika tahajia una manufaa makubwa.

Lakini litazame neno hilihili mboga. Aulizaye Morogoro, "Leo mboga gani?" huweza kujibiwa dagaa, maharage, hata nyama, na akitaka mchicha au kisamvu husema mboga za majani, hali mtu wa Lamu, ambaye kwake samaki ni kitoweo, husikia hayo akacheka. Hata huyo wa Lamu akipata ukurasa wa kamusi wa kumuunga mkono, mpishi wa Morogoro hatabadili swali lake mbele ya sufuria, wala hana haja, kwa kuwa kila aliye jikoni amemwelewa.

Lau sheria ile ya ushuru ingaliandikwa kwa kauli ya Morogoro, Nix angalishindwa mapema asubuhi, yeye pamoja na wenye nguru, dagaa na nyama ya mbuzi, na pasingalikuwa na wakili wa kufunua ukurasa hata mmoja.