Kikundi Chako ni cha Aina Gani? Jibu Kabla ya Kuchanga

Hebu fungua simu yako uhesabu vikundi ulivyomo. Kuna cha ukoo, cha mtaa, cha mliosoma pamoja, cha mchezo, na kile cha harusi ya binamu iliyopita tangu mwaka jana na hakuna aliyekumbuka kukifunga. Karibu katika kila kimoja, siku moja itatumwa namba ya simu na maneno mawili: "Tuma hapa." Na wengi wetu hutuma bila kuuliza lolote.

Kazi yetu ni malipo, kwa hivyo utasema tunapaswa kufurahia kila mchango unaopita kwenye simu. Tunafurahia, ndiyo. Lakini tuna maoni tungependa wateja wetu wa Kisiwani wayasikie. Tunaamini ugomvi mwingi wa pesa za vikundi hauanzi na mwizi. Unaanza pale mchezo, msiba na akiba vinapoendeshwa kwa mtindo mmoja, kana kwamba ni kitu kimoja.

Mombasa inajua vikundi tangu zamani

Waswahili wa Mombasa walijipanga katika Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, yaani Kilindini, Changamwe na Tangana, na Tisa Taifa zilizokuwa upande wa Mvita. Hapo hukujiunga, ulizaliwa. Kisha kulikuwa na vikundi vya kuingia kwa hiari. Kabla ya uhuru wanawake wa mji huu walikuwa na vyama vya lelemama, na Banu Saada na Ibinaal Watan vilijulikana kwa ushindani wao. Vilikuwa na vyeo na karamu, na wanachama walishikana mikono kwenye harusi na misiba. Halafu kuna baraza, lile la mawe mbele ya nyumba kule Kibokoni au Kuze. Hapo huandikishwi wala hulipi ada. Unaketi tu.

Ukizaliwa, ukijiunga au ukiketi tu, unachodaiwa na wenzako si kitu kimoja. Zamani jambo hilo halikuhitaji kuelezwa, kwa sababu mambo yalifanyika mbele za watu. Pesa ikiwekwa kwenye mkeka, walioketi wote wameiona.

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, pesa ya kikundi inaweza kuingia kwenye laini ya mtu mmoja, na ujumbe wa kuthibitisha akausoma yeye peke yake. Imekuwa rahisi na haraka, na aliye Muscat au Nairobi anaweza kuchangia kama aliye Makadara. Lakini yale macho ya mkekani yameondoka. Sasa ni lazima tukubaliane wenyewe: nani aone nini? Kwa maoni yetu, jibu linategemea aina ya kikundi.

Mchezo: kila jina lionekane

Tuseme mko 12, kila mtu anatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja anabeba 24,000. Aliyebeba mwezi wa kwanza bado anadaiwa na wenzake miezi 11, yaani 22,000. Wa mwisho ndiye aliyewakopesha wote, tena bila karatasi.

Hilo ni deni, na deni linataka uwazi. Orodha ya zamu, tarehe, aliyelipa na aliyechelewa, yote yawekwe mbele ya wanachama. Asione haya mtu kuulizwa.

Ushauri wetu ni kwamba pesa isipitie kwa mweka hazina kama hakuna haja. Kila mwanachama amtumie moja kwa moja mwenye zamu, kisha mwenye zamu athibitishe kikundini. Hivyo hakuna mfuko unaobaki mahali kusubiri majaribu. Na mkubaliane mapema kuhusu "ya kutolea". Ikiwa baadhi wanaiongeza na wengine hawaiongezi, kuna atakayepata pungufu, na manung'uniko yataanzia hapo.

Msiba: jumla ionekane, majina yafichwe

Hapa tunajua wengine hawatakubaliana nasi.

Kwa Waislamu wa Mji wa Kale, maiti huharakishwa kuzikwa, mara nyingi siku ile ile. Sanda, gari na kaburi haviwezi kusubiri mwisho wa mwezi. Pesa inatakiwa ndani ya saa chache, na hapo simu imesaidia kweli kweli.

Tatizo ni ile orodha. Wa kwanza 5,000, wa pili 3,000, wa tatu 2,000, na kila anayetoa ananakili orodha nzima na kuongeza jina lake chini. Sasa mfikirie kijana wa mkokoteni pale Marikiti aliye na shilingi 100. Ataandika jina lake chini ya elfu tano? Wengi watanyamaza. Leo amekosa kuchanga, kesho ataona haya hata kufika mazikoni. Kikundi kimekosa shilingi 100, lakini pia kimempoteza mtu ambaye angeshika jeneza. Kuzika ni faradhi ya jamii nzima. Haikuwekwa kwa wenye uwezo pekee.

Kuna watakaosema bila orodha mweka hazina atakula. Hoja hiyo ni ya haki, na hatuipuuzi. Lakini mlinzi wa pesa si lazima awe aibu ya maskini. Chagueni watu wawili. Mmoja apokee, wa pili aonyeshwe taarifa yote ya malipo. Asubuhi na jioni waandike kikundini: jumla iliyoingia, iliyotumika, na imetumika kwa nini. Kila aliyetoa ana ujumbe wa uthibitisho kwenye simu yake. Akiwa na shaka, amuulize yule wa pili. Hesabu imekaguliwa, na hakuna aliyejua jirani yake alitoa ngapi.

Kwenye mchezo unalipa deni, kwa hivyo jina lako liwe wazi. Kwenye msiba unatoa sadaka, kwa hivyo jina lako lihifadhiwe. Kikundi kikichanganya mambo haya mawili, mdaiwa atajificha na mtoaji ataaibika.

Chama cha akiba: pesa isilale kwa laini ya mtu

Chama kinachoweka akiba kununua shamba, viti vya kukodisha au boti kina shida yake. Pesa hukaa muda mrefu. Ikiwa imekaa kwenye laini ya mweka hazina, basi kwa macho ya mfumo ni pesa yake. Simu haijui kwamba ni ya watu 20.

Tumuombee uhai mrefu, lakini tuseme ukweli: akifariki, wanaotambuliwa kwanza ni warithi wake. Nyinyi mtabaki kuthibitisha kwamba sehemu ya salio lile si mirathi, mbele ya familia iliyofiwa ambayo huenda haijawahi kusikia habari za chama chenu. Mweka hazina mwaminifu kuliko wote hawezi kuwasaidia hapo. Pia mnamwonea yeye mwenyewe. Simu ikipotea, lawama ni yake.

Kwa hivyo chama cha akiba kiwe na akaunti kwa jina la kikundi, na pesa isitoke mpaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe. Kila mwanachama aweze kuona salio. Kiandikisheni pia. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, pamoja na katiba ya kikundi. Kuandika katiba kunachosha, tunajua. Lakini ndiko kunakowalazimisha kujibu mapema maswali ambayo yakiulizwa baada ya ugomvi hayana jibu zuri.

Baraza: pesa ikae nje

Kikundi cha ukoo na cha mtaa ni baraza la siku hizi. Kazi yake ni salamu, habari za mgonjwa, maji yamekatika au yamerudi, mtoto wa nani amefaulu. Baraza huketisha tajiri na fukara pamoja kwa sababu halimdai yeyote kitu.

Ndiyo maana tunaona ni kosa kuchangisha humo kila wiki. Watu huzima sauti, kisha hutoka kimya kimya, na siku ya shida ya kweli hawapo. Mkiwa na mchango, fungueni kikundi kingine cha kazi hiyo, wekeni tarehe ya mwisho, toeni hesabu, kisha kifungeni. Baraza libaki baraza.

Mkikutana tena, ulizaneni

Kwanza, hiki ni kikundi cha deni, cha sadaka, cha akiba au cha kuketi? Pili, pesa inakaa wapi, na kwa jina la nani? Tatu, nani anaona nini? Nne, mshika pesa akiondoka leo, nani anajua hesabu?

Na mambo mawili tusiyochoka kuyarudia. Namba ya siri haishirikiwi na mtu yeyote, awe mwenyekiti, awe mke au mume, awe mtu anayejiita mfanyakazi wetu. Na namba mpya ya mchango ikitumwa kikundini, mpigie aliyeituma usikie sauti yake kabla ya kutuma, maana WhatsApp ya mtu inaweza kuwa mikononi mwa mwingine.

Ikiwa kikundi chenu kinataka kuhamisha akiba kutoka laini ya mtu binafsi, njooni nyote viongozi na kitabu chenu cha mikutano. Na mweka hazina aje pia. Huenda yeye ndiye atakayefurahi zaidi kuutua mzigo huo.