Amtunzaye mzee naye atazeeka

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Je, binti anayechumia juani kwa kumuuguza mzazi wake ataandaliwa kivuli na nani?

Nauliza hivi kwa sababu ya jirani yangu huku Runyenjes, Embu. Alikuwa mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri ya shule hadi mamake alipopatwa na kiharusi. Ndugu zake wanaofanya kazi Nairobi na Meru waliafikiana kwamba yeye, asiye na mume, ndiye arudi nyumbani. Huu ni mwaka wa sita. Humwogesha mama, humlisha na kumgeuza kitandani usiku. Ndugu humtumia pesa za sukari na shukrani tele.

Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyeandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo ni za mama. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 nacho chasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa zake na serikali. Mkono unaotunza haukutajwa.

Walimu wenzangu, tujitazame. Katika mpango wa pensheni ulioanza Januari 2021, mwalimu wa serikali hukatwa asilimia 7.5 ya mshahara, na serikali humwongezea asilimia 15. Michango ya jirani yangu katika hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, ilikoma siku alipoiweka chaki chini.

Wapo watakaosema kwamba kumlipa mtoto amtunze mamake ni kuuza radhi. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Radhi hazitamnunulia dawa atakapofika miaka 70. Isitoshe, ndugu waliobaki kazini wanapokea mishahara kwa sababu yeye aliacha wake.

Kwa maoni yangu, jamaa na waketi, wakubaliane ujira wa kila mwezi na kuuandika. Sehemu yake iwekwe NSSF kwa jina la mlezi, kwani sheria ya 2013 inamruhusu hata asiye na mwajiri kuchanga kwa hiari. Serikali nayo iige Ujerumani, ambako tangu 1995 bima ya utunzaji huwachangia pensheni jamaa wanaouguza wagonjwa nyumbani.

Nanyi wanafunzi, mkifika nyumbani leo, mtazameni anayemtunza nyanya yenu, kisha mwulize wazazi: huyu naye amewekewa nini? Mgala muue, na haki umpe.