TAHARIRI: Kazi Isimnyime Mtoto Haki Yake ya Kunyonya

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, kunyonya ni miongoni mwa haki za mwanzo za mtoto. Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, Allah (S.W.) ameweka muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza, akamwajibisha baba kumlisha na kumvisha mama kwa wema, na akakataza mzazi kutiwa dhiki kwa sababu ya mtoto wake. Kunyonyesha, basi, si jambo la mama peke yake.

Leo mama zetu wengi wako maofisini, mashuleni, mahospitalini na madukani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Likizo inakwisha mtoto hajatimiza miezi 3. Pengo hilo wengi huliziba kwa maziwa ya kopo au uji, na ziwa la mama, kwa kutonyonywa mchana kutwa, huanza kukauka.

Njia ya halali na nyepesi ipo, nayo ni kukamua maziwa, kwa pampu ya mkono au ya umeme. Asiye na uwezo wa kununua pampu anaweza kukamua kwa mkono wake uliooshwa. Ziwa hutoa kadiri linavyotolewa. Mama anayekamua kazini huhifadhi wingi wa maziwa yake na huepukana na maumivu ya maziwa kujaa. Maziwa hayo hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Kwa joto la pwani yetu, yasiachwe nje. Vyombo vioshwe vizuri kila mara, na mtoto anyweshwe kwa kikombe safi.

Hata hivyo, hapa pana jambo la dini lisilofaa kupuuzwa. Kwa mujibu wa jamhuri ya wanazuoni, maziwa aliyokunywa mtoto kwa kikombe yana hukumu ile ile ya aliyoyanyonya ziwani. Mtoto wa jirani akinyweshwa maziwa hayo kabla ya kutimiza miaka miwili, tena mara tano kama walivyosema Mashafii, huwa ndugu wa kunyonya, na ndoa baina yao ni haramu. Kwa hofu ya nasaba kuchanganyika, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, lilikataza benki za maziwa ya mama. Kwa hiyo kila chupa iandikwe jina la mtoto na tarehe, na yaya au mlezi wa kituo aelezwe kwamba kosa la dakika moja laweza kuzaa msiba wa ndoa baada ya miaka ishirini.

Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Lakini mwenye kazi Posta na mtoto Mbagala atafikaje na kurudi? Saa hizo zimfae kwa kukamua. Anachohitaji ni chumba kidogo chenye stara, kiti, maji na jokofu. Kumwambia akamulie chooni ni kumdhalilisha, na ni kukinajisi chakula cha mtoto.

Tusiwanyooshee vidole wengine kabla ya kujitazama. Shule zetu za Kiislamu, zahanati zetu na ofisi za misikiti yetu zimeajiri kina mama. Je, ni ngapi zenye chumba hicho? Tunaziomba kamati za misikiti zianze hapo. Nanyi akina baba, gharama ya pampu ni sehemu ya matumizi mliyowajibishwa. Msiihesabu kuwa hisani.

Tunamuomba Allah atuwezeshe kutekeleza amana ya watoto wetu. Wabillahi tawfiiq.