Ile Ngome ya Kwenye Filamu Ina Bibi Harusi Wake



Kila msimu wa harusi hatukosi kuoneshwa kwenye simu lile gauni jekundu la Louisa wa filamu ya Me Before You ya mwaka 2016. Tushone kama lile, ila liwe la stara. Hilo tunaliweza: mikono mirefu, shingo juu, bitana ndani. Filamu yenyewe wengi wetu tumeiona na tumelia. Basi maharusi huuliza, ile ngome ya mawe ni ya kweli?

Ni ya kweli. Ni ngome ya Pembroke, huko Wales. Wanormani walianza kuijenga mwaka 1093, na filamu ya Jabberwocky ya 1977 nayo ilipigwa hapo. Hatuna ugomvi na watu wa filamu. Jengo kongwe linataka fedha za matengenezo, bora likodishwe kuliko liporomoke.

Lakini ngome hiyo ina bibi harusi wake, na huyo haoneshwi. Anaitwa Margaret Beaufort. Aliozwa na miaka 12 kwa Edmund Tudor, mwanamume wa miaka ishirini na kitu. Novemba 1456 mume akafa kwa tauni, akamwacha na mimba. Shemeji yake Jasper akamhifadhi ngomeni, na humo Januari 1457 akajifungua. Miaka 13, na mjane tayari. Uzazi ulikuwa mzito. Aliolewa tena mara mbili, hakupata mtoto mwengine maisha yake yote.

Mwanawe akawa Mfalme Henry wa Saba mwaka 1485, na wasimuliaji huishia hapo: mfalme, mfalme. Mama je?

Sisi tunaopima maharusi tunaujua mwili wa mtoto wa miaka 13. Nguo yake ni sare ya skuli. Qur'ani yenyewe imetaja taabu ya mama kubeba mimba na kuzaa, na huyo ni mama aliyekomaa, sembuse mtoto. Kwa hiyo ukimwonesha binti yako ngome ile kama ndoto ya harusi, mpe na habari ya Margaret.

Tumeshaambiwa tunaharibu starehe za watu, filamu ni filamu. Haya. Ila wapo wanaotuletea mtoto dukani na kutwambia, "Huyu ameshakua." Gauni jekundu tutashona, inshaallah. Umri wa mvaaji tutauliza kwanza, kabla hatujashika futi.